Mita ya Koleo Mbele ya Feni ya Rejeta Iliyochoka

Kifaa ninachokitathmini hapa ni mita ya koleo, yaani multimita yenye taya mbili zinazofunguka na kuukumbatia waya, kisha ikasoma mkondo unaopita humo bila kukata wala kuchomoa chochote. Nimeitumia kwa miezi saba, na karibu muda wote huo nimeitumia kwa kazi ya aina moja: kutafuta hitilafu za umeme katika saketi ya feni ya rejeta. Jina lililobandikwa juu yake si la maana sana, kwa kuwa umbo hili hili, lenye vitufe vile vile, huuzwa kwa majina tofauti tofauti. Kinachostahili kuangaliwa ni yale yaliyoandikwa usoni mwake, nayo kwa hii yangu ni ampea za DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri, katika hatua mbili, 40 na 400, pamoja na volti, omu, kengele ya kupima kama waya umeunganika, kitufe cha kurudisha sifuri na kitufe cha kunasa mkondo wa kuanzia.

Gari lililonifanya niinunue lilikuwa na ugonjwa unaojulikana na wengi. Likienda kasi, mshale wa joto ulitulia pale pale katikati. Likikwama kwenye foleni, mshale ulianza kupanda taratibu na kiyoyozi kikaanza kutoa hewa ya vuguvugu. Dalili hizo mbili zikija pamoja huelekeza kidole kwenye feni, kwa sababu gari linapokimbia upepo wenyewe hupita kwenye rejeta na feni haina kazi kubwa, ilhali gari linalochemsha likiwa kwenye mwendo kwa kawaida huwa na shida nyingine, kama rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyokufa au maji yaliyopungua. Tatizo ni kwamba feni yangu ilikuwa inazunguka. Kila aliyefungua boneti aliiona inazunguka, akaiondoa papo hapo katika hesabu zake.

Fundi wa kwanza alibadilisha themostati, kile kifaa kinachofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto. Wa pili alikuwa mwangalifu zaidi: alichomoa konekta ya feni, akaingiza ncha za mita yake ya kawaida kwenye matundu mawili ya upande wa gari, akapata volti 12.4, kisha akapima njia ya hasi kwa kengele, na mita ikalia. "Umeme unafika na bodi ipo," alisema, akimaanisha ile njia ya hasi inayopitia bati la gari, "basi hapa mota imechoka." Mota mpya ikafungwa. Hali ya hewa ilikuwa ya ubaridi wiki ile, nikajiaminisha kwamba gari limepona, mpaka jua liliporudi na mshale ukarudi nalo. Simlaumu sana fundi yule, kwa sababu kila alichokisoma kwenye mita kilikuwa kweli. Kosa lilikuwa kupima wakati feni imechomolewa.

Mita ya kawaida ikiwa kwenye kipimo cha volti huwa na ukinzani wa takriban omu milioni 10, kwa hiyo haivuti mkondo wowote wa maana. Waya wenye nyuzi 30 ambazo 29 zimekatika utaionyesha mita volti zote za betri bila kupunguza hata moja, kwa sababu hakuna mzigo unaoulazimisha waya huo kuonyesha udhaifu wake. Ni sawa na mpira wa maji uliokanyagwa: ukifunga mdomo wa mpira, shinikizo ni lile lile mwanzo hadi mwisho; ukifungua ndipo unapoona maji yanachuruzika. Feni ya rejeta ni mzigo mkubwa, kwani katika magari mengi madogo huvuta kati ya ampea 10 na 30, na hitilafu nyingi za saketi yake hujificha mpaka mkondo wa ukubwa huo upite. Mita ya koleo ina thamani kwangu kwa sababu hiyo moja tu: inapima wakati kazi inaendelea.

Kipimo cha kwanza nilikifanya injini ikinguruma na feni ikizunguka. Nilizifungua taya, nikazifunga tupu, nikabonyeza kitufe cha sifuri, kisha nikaubana waya mmoja mnene wa feni, mmoja tu, kwa sababu ukibana wa chanya na wa hasi kwa pamoja mikondo hiyo miwili inayopishana hufutana na mita itasoma sifuri. Kioo kilionyesha ampea 9.2. Namba hiyo peke yake haikuniambia kitu. Nilizima injini, nikachomoa konekta, nikailisha feni moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili nene, moja ikiwa na fyuzi njiani, nikabana tena: ampea 15.6. Betri ilikuwa na volti 12.4 wakati huo, ilhali injini ikinguruma altaneta, jenereta ya gari, hupandisha hadi 13.9. Kwa hiyo feni ilikuwa inavuta mkondo mdogo zaidi pale ambapo ilistahili kuvuta mkubwa zaidi. Mota haikuwa na kosa, si ile mpya wala, nina hakika sasa, ile ya zamani. Kuna kitu njiani kilichokuwa kinaubana umeme.

Kilichofuata ni kupima volti zinazopotea njiani, na hapa mita hufanya kazi ambayo hata mita isiyo na koleo ingeifanya, ila watu hawaiulizi. Nilirudisha konekta, nikawasha injini, nikaweka ncha nyekundu kwenye kichwa cha chanya cha betri na ncha nyeusi nyuma ya konekta kwenye mguu wa chanya wa feni: volti 0.3. Hiyo ndiyo ilikuwa inapotea kwenye fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) na waya wote wa upande wa chanya, na haikunishtua. Kisha nikahamia upande wa hasi, ncha moja kwenye mguu wa hasi wa feni na nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri. Volti 4.7. Katika njia ya hasi yenye afya, kipimo hicho hakitakiwi kuvuka volti 0.2 au karibu na hapo. Feni yangu, badala ya volti 13.9, ilikuwa inaishi kwa volti 8.9.

Gawa volti 4.7 kwa ampea 9.2 upate takriban nusu omu. Zidisha namba hizo hizo upate wati 43, joto la balbu nzuri tu, likiwaka gizani mahali fulani chini ya boneti kila feni inapozunguka. Nilifuata waya wa hasi kwa mkono wangu kutoka kwenye feni, baada ya kuzima injini, mpaka chini ya sinia la betri, na sikuhitaji mita tena: ganda la waya lilikuwa limegeuka kahawia na kuwa gumu kama ganda la muhindi mkavu, na pete ya shaba iliyofungwa kwa bolti kwenye bodi ilikuwa na ukoga wa kijani. Maji ya betri yalikuwa yamevuja hapo siku nyingi zilizopita. Nilikata sehemu iliyoungua, nikabana pete mpya, nikapiga msasa bati mpaka liking'ae, nikafunga na kupaka grisi juu. Kipimo cha baada ya hapo kilikuwa volti 0.1 upande wa hasi, volti 0.6 upande wa chanya kwa kuwa sasa mkondo umekuwa mkubwa, na ampea 17.1. Sauti ya feni yenyewe ilibadilika. Kabla ilikuwa inavuma, sasa inanguruma.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini kengele ya fundi ililia. Kengele ya multimita nyingi hulia kwa ukinzani wowote ulio chini ya omu kama 30 au 50, na kwa mita hiyo nusu omu ni sawa na waya mzima. Hata angesoma namba, angeona 0.7 hivi, na nyaya za mita zenyewe zina omu 0.2 au 0.3, kwa hiyo angesema, kama mafundi wengi wangesema, kwamba waya uko salama. Nusu omu kwenye taa ya dashibodi si kitu. Nusu omu kwenye feni inakula theluthi moja ya umeme wote.

Nimesikia ushauri kwamba taa ya kupimia, ile ya balbu na ncha ya sindano, ingeumaliza mjadala kwa senti chache. Naiheshimu taa ya kupimia na ninayo, lakini kwa hitilafu hii isingetosha. Balbu ya wati 5 huvuta chini ya nusu ampea, na ingewaka kwa nguvu zake zote kupitia ile pete yenye ukoga. Hata balbu ya breki ya wati 21 ingepoteza chini ya volti moja tu, tofauti ambayo jicho halitaikamata mchana. Ungehitaji balbu ya taa kubwa ya mbele, ya wati 55, ndipo uone mwanga umefifia. Taa ya kupimia inakamata waya uliokatika na fyuzi iliyoungua kwa haraka kuliko mita yoyote. Waya uliochoka unahitaji namba.

Sasa kifaa chenyewe. Taya zake zinatumia sensa ya Hall, iliyopewa jina la Edwin Hall aliyeigundua tabia hiyo ya umeme na sumaku mwaka 1879, na bila sensa ya namna hiyo koleo haliwezi kusoma DC. Hili nalisisitiza kwa sababu makoleo mengi ya bei ya chini yanasoma ampea za AC peke yake, yaani umeme wa nyumbani. Ukilibana koleo la namna hiyo kwenye waya wa gari litaonyesha sifuri, nawe utadhani gari halina umeme. Kabla ya kununua, soma alama ya A: ikiwa kando yake kuna wimbi tu, kirudishe rafuni, lazima kuwe na mstari ulionyooka wenye vinukta chini yake.

Kitufe cha kunasa mkondo wa kuanzia nilikidharau mwanzoni, nikidhani ni pambo la kuuzia. Feni inapoanza kuzunguka kutoka kwenye kusimama huvuta mkondo mara mbili, tatu au zaidi ya kawaida yake kwa muda wa kufumba na kufumbua, na mita ya kawaida haiwahi kuuona. Yangu ilinasa ampea 46 kwenye feni nzima ya ampea 17. Fyuzi ya 30 haikatiki kwa hilo, kwa sababu fyuzi huhitaji muda kidogo kupata moto. Manufaa yake niliyaona kwenye gari la jirani yangu, lililokuwa linakata fyuzi ya feni mara moja kwa wiki bila mpangilio. Hakukuwa na shoti popote. Mkondo wa kuanzia ulikuwa wa kawaida, lakini haukushuka: ulikaa kwenye ampea 28, kisha 31, huku feni ikizunguka kwa uvivu. Bushi ya mota ilikuwa imekauka na feni ilikuwa ngumu kuzungushwa hata kwa mkono. Mota inayokwama huvuta mkondo mwingi. Saketi iliyobanwa huvuta mkondo mchache. Tofauti hiyo peke yake hugawa nusu ya hitilafu zote za feni katika mafungu mawili, na unaipata kwa kubana waya mmoja kwa sekunde 10.

Kuna fungu la tatu, la feni isiyozunguka kabisa, na hapo koleo husoma sifuri na kunyamaza. Inabidi kurudi kwenye volti. Kwenye rilei, miguu imepewa namba zinazofanana kwa watengenezaji wengi: 30 ni umeme unaotoka kwenye fyuzi, 87 ni unaokwenda kwenye feni, 85 na 86 ni koili, yaani sumaku ya umeme inayoivuta swichi. Ukisikia rilei imelia "tak" usifurahi bado, maana mlio huo ni wa koili kuvuta na hausemi lolote kuhusu vidato vya ndani, vile vipande vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme, ambavyo huungua vikawa vyeusi. Pima volti kati ya 30 na 87 rilei ikiwa imevuta na feni imeunganishwa: zikikaribia sifuri, vidato ni vizima, ukikuta volti 12 zimekaa hapo, rilei imelia bure. Mota ambayo brashi zake za kaboni zimekwisha nayo ina tabia yake: umeme wote unaikuta pale kwenye konekta, imegoma, kisha ukiigonga kidogo mgongoni kwa mpini wa bisibisi inashtuka na kuanza. Ikifanya hivyo, agiza nyingine. Na vidole viwe mbali na mapanga muda wote, maana feni nyingi huweza kuanza zenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Malalamiko yangu kuhusu mita hii si machache. La kwanza ni sifuri isiyotulia. Ukiiweka karibu na spika, altaneta au hata ukiigeuza upande mwingine, kioo huonyesha ampea 0.2 au 0.3 bila waya wowote kati ya taya. Kwa feni ya ampea 17 hilo si neno, ila kwa koili ya rilei, ambayo huvuta ampea kama 0.15, kipimo chake hakina maana kabisa. Koili nazipima kwa omu baada ya kuchomoa rilei, na nyingi husoma kati ya 60 na 100. La pili ni unene wa taya. Ndani ya boksi la fyuzi hazipenyi, na kwenye magari ambayo waya wa feni umefungwa ndani ya ganda moja na wenzake inabidi kulichana ganda hilo na kulifunga upya kwa utepe. La tatu ni ncha za kupimia, ambazo ni butu kiasi kwamba haziingii nyuma ya konekta. Nimelazimika kutumia pini za kushonea, na ninawaonya wanaopenda kutoboa ganda la waya kwamba tundu hilo hilo ndilo maji yatakapoingilia. Taa ya kioo hujizima baada ya sekunde chache, kwa kawaida wakati mkono wako mmoja umebana waya na mwingine umeshika ncha. Kijitabu kilichoambatana nayo hakina hata ukurasa mmoja kuhusu magari.

Mpaka wake halisi, hata hivyo, niliukuta kwenye gari jipya zaidi, lenye feni isiyotumia rilei ya kuwasha na kuzima bali moduli inayopokea mapigo kutoka kwenye kompyuta ya injini na kubadili kasi kidogo kidogo. Kwenye waya wa amri, mita ilionyesha volti 5.8, namba isiyomaanisha chochote kwa kuwa ni wastani wa mapigo yanayopanda na kushuka haraka kuliko mita inavyoweza kuyafuata. Kazi hiyo inataka osiloskopu, kifaa kinachochora mapigo ya umeme kwenye kioo, au angalau mita yenye kipimo cha asilimia ya mapigo. Mashine ya kusomea kompyuta ilitusaidia zaidi siku ile, kwa sababu iliweza kuiamuru feni izunguke kwa kasi tuliyoichagua huku mimi nikisoma ampea kwenye waya mnene, na kwa mgawanyo huo wa kazi mita yangu ikapata tena nafasi yake: amri ilipanda, ampea hazikupanda, moduli ikashtakiwa.

Mashine hiyo nayo isiaminiwe kupita kiasi. Msimbo wa P0480, namba ya hitilafu inayohifadhiwa na kompyuta ya gari na unaohusu saketi ya kudhibiti feni ya kwanza, hutokea kompyuta inapoona kasoro kwenye ule waya mwembamba inaoudhibiti yenyewe, mara nyingi waya wa koili ya rilei. Waya mnene unaobeba ampea 17 katika mfumo wa rilei hauangaliwi na mtu. Gari langu, lililokuwa likipoteza theluthi ya umeme wa feni kwenye pete yenye ukoga, halikuwa na msimbo hata mmoja, na fundi wa kwanza aliniambia hivyo kama habari njema.

Kwa mtu mwenye gari la mfumo wa rilei, au fundi anayepokea magari yanayochemsha kwenye foleni, naipa mita hii alama 4 kati ya 5, na ile moja niliyoinyima ni ya taya nene na ncha butu. Ncha nimekwisha kuzibadilisha. Zile zilizokuja nayo nazitumia kupima betri za redio.